Jibu Moja, Maswali Matatu: Zoezi la Nyumbani, Tafakuri na Hisia katika Ujifunzaji wa Fizikia Chuoni

Utangulizi

Wanafunzi wengi wanaojiunga na vyuo vya afya nchini Tanzania wamepitia mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Baadhi yao huiona Fizikia kuwa daraja lililokwisha kuvukwa: somo lililohitajika ili kupata nafasi ya kusomea udaktari, radiografia, famasia au uhandisi wa vifaatiba, na ambalo sasa laweza kuachwa nyuma. Mtazamo huo haulingani na kazi inayowangoja. Mtiririko wa damu, upanuzi wa mapafu, picha ya altrasaundi, kinga dhidi ya mionzi na kipimo cha dawa zenye unururifu vyote hutawaliwa na kanuni zilezile zilizofundishwa kidato cha tano na cha sita. Hata historia ya kanuni hizo inashuhudia ukaribu huo. Kanuni ya mtiririko wa vimiminika katika mirija myembamba inabeba jina la Jean Poiseuille, daktari wa Ufaransa aliyefanya vipimo vyake katika karne ya 19 kwa kuwa alitaka kuelewa mzunguko wa damu. Hermann von Helmholtz, ambaye mwaka 1847 alitoa maelezo mashuhuri ya kanuni ya kutopotea kwa nishati, alianza kazi yake akiwa daktari wa jeshi.

Swali linalowakabili wahadhiri na wanafunzi, basi, ni namna ya kujifunza fizikia ili iweze kutumika miaka mingi baada ya mtihani. Makala haya yanachunguza mambo matatu yanayoamua matokeo ya juhudi hiyo nje ya ukumbi wa mihadhara: zoezi la nyumbani, tafakuri juu ya zoezi hilo, na hisia zinazomwandama mwanafunzi anapolifanya. Hoja kuu ni kwamba mambo hayo matatu hayatenganishiki. Zoezi lisilo na tafakuri hugeuka kuwa ukariri. Tafakuri isiyozingatia hisia hugeuka kuwa utaratibu mtupu. Na hisia zisizoshughulikiwa huweza kumfukuza mwanafunzi mezani kabla hajaanza kujifunza.

Maswali matatu yenye jibu moja

Ili hoja hiyo ieleweke, ni vyema kuanza na maswali matatu mepesi yanayoweza kutolewa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Swali la kwanza: Kimiminika kinapita kwa utulivu katika mrija mwembamba. Nusukipenyo cha ndani cha mrija kinapungua hadi kuwa nusu ya kilivyokuwa, ilhali urefu wa mrija, mnato wa kimiminika na tofauti ya shinikizo kati ya ncha mbili havibadiliki. Je, mtiririko unakuwa sehemu gani ya ule wa mwanzo?

Swali la pili: Teknesiamu-99m, inayotumiwa sana katika upigaji picha wa tiba ya nyuklia, ina nusu-maisha ya saa 6 hivi. Je, baada ya saa 24 unururifu wake unakuwa sehemu gani ya ule wa mwanzo?

Swali la tatu: Mtumishi amesimama mita 1 kutoka kwenye chanzo kidogo cha mionzi, bila kizuizi chochote katikati. Akisogea hadi mita 4, kiwango cha mionzi kinachomfikia kinakuwa sehemu gani ya kile cha mwanzo?

Maswali yote matatu yana jibu moja: sehemu moja ya kumi na sita, yaani 1/16. Hata hivyo, sababu zake ni tatu tofauti kabisa. Katika swali la kwanza, mtiririko hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo. Nusu ikizidishwa kwa nusu mara nne hutoa 1/16. Katika swali la pili, saa 24 zina vipindi vinne vya nusu-maisha, na katika kila kipindi unururifu hupungua kwa nusu ya kile kilichobaki. Katika swali la tatu, umbali umeongezeka mara 4, na kwa kuwa mionzi husambaa katika eneo linaloongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali, kiwango hupungua mara 16.

Mwanafunzi aliyeandika 1/16 mara tatu amepata alama zote, lakini daftari lake halimwambii mhadhiri iwapo ameelewa. Jambo hilo huonekana pale tu maswali yanapobadilishwa kidogo. Nusukipenyo kikipungua kwa asilimia 20, mtiririko hubaki takribani asilimia 41 ya ule wa mwanzo, kwa sababu 0.8 katika kipeo cha nne ni 0.41 hivi. Baada ya saa 18, unururifu wa teknesiamu-99m hubaki 1/8. Katika umbali wa mita 3, kiwango cha mionzi huwa 1/9. Aliyeelewa huyafikia majibu haya bila taabu. Aliyekariri kwamba "nne huleta kumi na sita" hukwama, na mara nyingi hajui kwa nini amekwama.

Tofauti kati ya wanafunzi hao wawili haiishii darasani. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua huhitaji kuongezewa maji kwa haraka kupitia kanula nene. Muuguzi au daktari anayedhani kwamba kuongeza unene kidogo huongeza mtiririko kidogo haoni uzito wa uchaguzi anaoufanya. Anayefahamu kwamba unene hufanya kazi kwa kipeo cha nne, na kwamba mrija mrefu hupunguza mtiririko, huchagua kanula nene na fupi hata kabla ya kukumbushwa. Vivyo hivyo, anayeelewa kanuni ya umbali hurudi nyuma hatua mbili anapopiga picha ya eksirei wodini, wala hahitaji tangazo la ukutani.

Zoezi la nyumbani: wingi hautoshi

Imani iliyoenea miongoni mwa wanafunzi ni kwamba fizikia hushindwa kwa wingi wa mazoezi: anayefanya maswali mia tano humzidi aliyefanya mia. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, maana hakuna anayejifunza kuogelea akiwa ufukoni. Lakini utafiti unaonya. Mwaka 2002, Eunsook Kim na Sung-Jae Pak walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wa fizikia nchini Korea ambao, katika maandalizi yao ya awali, walikuwa wametatua maswali kati ya 300 na 2,900 kila mmoja. Licha ya mazoezi hayo mengi, wanafunzi hao waliendelea kuwa na dhana potofu za msingi kuhusu mwendo na kani, na idadi ya maswali waliyoyatatua haikuwa na uhusiano wa maana na kiwango cha uelewa wao.

Matokeo hayo yanaeleweka endapo itakumbukwa jinsi maswali mengi yanavyotatuliwa. Mwanafunzi husoma swali, hutazama herufi zilizotolewa, hutafuta fomula yenye herufi hizo, huingiza namba, kisha hulinganisha jibu na lile lililo nyuma ya kitabu. Njia hiyo humpa wepesi wa mkono, lakini haimlazimishi kuuliza swali hata moja kuhusu maumbile. Anayefanya hivyo mara elfu amejizoeza kutafuta fomula mara elfu.

Jambo la pili ni kunakili, ambako wanafunzi wenyewe hukuita "kudesa". Mwaka 2010, David Palazzo na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako mazoezi ya fizikia yalifanywa kwa kompyuta. Kwa kupima muda uliopita kati ya kufunguliwa kwa swali na kutolewa kwa jibu sahihi, watafiti waliweza kutambua majibu yaliyonakiliwa, kwa kuwa yalitolewa kwa haraka isiyowezekana hata kwa msomaji hodari. Ilibainika kwamba kunakili kuliongezeka kadiri muda wa mwisho wa kukusanya ulivyokaribia, na kwamba walionakili sana walidorora katika maswali ya kukokotoa ya mtihani wa mwisho. La kutia moyo ni kwamba mabadiliko katika mpangilio wa kozi yalipunguza kunakili kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo, kudesa si suala la tabia ya mwanafunzi peke yake. Ni jambo linalochochewa au kuzuiwa na namna zoezi linavyopangwa: zoezi refu, linalotolewa mara moja na kukusanywa siku moja, humwalika mwanafunzi aliyechelewa kutafuta daftari la mwenzake.

Jambo la tatu ni mtawanyo. Uchunguzi wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kujisomea tena na tena huleta matokeo mazuri iwapo jaribio litafanyika dakika chache baadaye, lakini baada ya wiki moja wale waliojijaribu kwa kukumbuka bila kutazama huwazidi waliorudia kusoma. Maana yake kwa zoezi la nyumbani ni hii: swali linalojibiwa bila madaftari, na kurudiwa katika sura mpya baada ya siku kadhaa, lina thamani kuliko maswali mengi yanayofanywa usiku mmoja huku kitabu kikiwa wazi. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kila haba ifikie kibaba badala ya kumwagika njiani.

Tafakuri: kufikiri juu ya kufikiri

Tafakuri, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kitendo cha mwanafunzi kuiangalia upya fikra yake mwenyewe: alitarajia nini, alitumia kanuni gani, alikwama wapi, na ni nini kilimkwamua. Umuhimu wake ulidhihirika katika kazi ya Michelene Chi na wenzake iliyochapishwa mwaka 1989. Waliwafuatilia wanafunzi waliokuwa wakisoma mifano iliyokwisha kutatuliwa ya fizikia ya mwendo na kani, na kuwataka waseme kwa sauti walichokuwa wakifikiri. Wanafunzi waliofanya vizuri baadaye walikuwa wale waliosimama katika kila hatua na kujieleza: kwa nini kani hii imechorwa upande huu, kwa nini mhimili umewekwa hivi. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba wanafunzi hao hodari ndio waliosema mara nyingi kwamba hawajaelewa. Wale dhaifu walisoma mfano hadi mwisho na kuamini kwamba wameuelewa wote.

Kutojua kwamba hujui ni ugonjwa usio na maumivu, na kwa sababu hiyo mgonjwa hatafuti tiba. Tafakuri ndiyo hufanya maumivu hayo yasikike mapema, wakati tiba ingali rahisi.

Tukio linalosimuliwa mara nyingi katika ualimu wa fizikia linaonyesha ukubwa wa tatizo hilo. Eric Mazur, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwafundisha fizikia wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa fani nyingine, wakiwemo waliotaka kusomea udaktari. Walifaulu mitihani ya kukokotoa na walimsifu. Baadaye aliwapa jaribio la dhana za kani lililoandaliwa na David Hestenes na wenzake na kuchapishwa mwaka 1992, ambalo halina hesabu, bali lina maswali ya kawaida kuhusu vitu vinavyosukumwa, kugongana na kuanguka. Mwanafunzi mmoja akamuuliza kama ajibu kwa kufuata alivyofundishwa au kwa kufuata anavyofikiri yeye mwenyewe. Swali hilo lilifichua kwamba ndani ya kichwa cha mwanafunzi mmoja mlikuwa na fizikia mbili: moja ya mtihani na nyingine ya maisha, na hazikuwa zimewahi kukutana. Mazur alibadili ufundishaji wake, akawa anauliza swali la dhana katikati ya mhadhara, anawaacha wanafunzi wajibu kila mmoja peke yake, kisha anawataka wajadiliane na jirani zao kabla ya kujibu tena.

Kwa mwanafunzi wa tiba, fizikia mbili zisizokutana ni hatari, maana wodini hutumika ile ya maisha. Kazi ya tafakuri ni kuzikutanisha. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi amejibu swali la mrija kwa kuandika kwamba mtiririko hupungua kwa nusu. Kusahihishiwa kwa wino mwekundu na kuandikiwa "1/16" kunampa namba mpya tu. Lakini akitakiwa kueleza alikopata nusu, huenda akagundua kwamba aliufikiria mrija kama mlango: upana ukipungua kwa nusu, wapitao hupungua kwa nusu. Hapo ndipo anapoweza kuona mambo mawili aliyoyaacha. Kwanza, eneo la mdomo wa mrija hufuata kipeo cha pili cha nusukipenyo, hivyo hubaki robo. Pili, kimiminika kinachogusa ukuta husimama, na katika mrija mwembamba sehemu yote ya kimiminika huwa karibu na ukuta, hivyo kasi ya wastani nayo hushuka hadi robo. Robo ya robo ni 1/16. Kosa lake limekuwa mlango wa kuingilia katika kanuni, na kanuni hiyo sasa ina sababu.

Tafakuri vilevile humfundisha kuuliza masharti ya kanuni. Kanuni ya Poiseuille hudai mtiririko tulivu, mrija mgumu na kimiminika chenye mnato usiobadilika. Mishipa ya damu hutanuka na kusinyaa, damu si maji, na mwili hurekebisha shinikizo ili kulinda viungo muhimu. Kwa hiyo mgonjwa ambaye mshipa wake umepungua hadi nusu hapokei lazima 1/16 ya damu. Anayefahamu masharti hutumia kanuni kama mwongozo wa kufikiri. Asiyeyafahamu huitumia kama amri.

Hisia: mgeni asiyealikwa ambaye haondoki

Fizikia hubeba sifa ya ugumu, na sifa hiyo hufika chuoni kabla ya mwanafunzi mwenyewe. Hofu ya mtihani wa marudio, maarufu kama "sapu", na hofu kubwa zaidi ya "kudisko", yaani kuondolewa masomoni, hukaa mezani pamoja na daftari. Nyuma ya hofu hiyo mara nyingi kuna mzazi aliyeuza shamba au ng'ombe, mkopo unaotegemea ufaulu, na ukoo mzima unaosubiri daktari wake wa kwanza. Si sahihi kuzichukulia hisia hizo kama udhaifu wa tabia.

Reinhard Pekrun, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 2006 kwamba hisia za kitaaluma hutokana na tathmini mbili: mwanafunzi anaona ana uwezo kiasi gani wa kuathiri matokeo, na matokeo hayo yana thamani gani kwake. Pale ambapo thamani ni kubwa na uwezo wa kuyaathiri haueleweki, huzaliwa wasiwasi. Pale ambapo anaona hakuna analoweza kufanya, huzaliwa kukata tamaa. Pale ambapo haoni thamani yoyote, huzaliwa uchovu wa moyo. Nadharia hiyo inafafanua hali ya mwanafunzi wa tiba katika kozi ya fizikia: matokeo ni ya thamani kubwa kwa sababu yanaweza kumwondoa chuoni, lakini somo lenyewe halioni kuwa na thamani, na hajui afanye nini ili aliweze. Hofu na uchovu hukutana katika mtu mmoja.

Madhara ya wasiwasi yanafahamika. Akili ya binadamu hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja inapofikiri, na mawazo ya hofu huchukua nafasi ambayo ingetumika kushika kani, umbali na muda. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye wasiwasi walioandika kuhusu hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakufanya hivyo. Si dawa ya kila hali, lakini inadokeza kwamba hisia iliyotajwa hupungua nguvu kuliko hisia iliyofichwa.

Kuna hisia nyingine isiyotambuliwa kwa urahisi: ile ya kudhani kwamba umejifunza. Mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa fizikia waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisikiliza mhadhara mzuri na jingine lilitatua maswali hayohayo kwa vikundi kabla ya kuelezwa. Kisha makundi yakabadilishana. Waliotatua maswali walijifunza zaidi kwa kipimo cha jaribio, lakini walihisi wamejifunza kidogo. Waliosikiliza mhadhara walihisi wameelewa zaidi kuliko ilivyokuwa. Juhudi ya kufikiri ilitafsiriwa kama dalili ya kutoelewa, na utamu wa maelezo ulitafsiriwa kama uelewa.

Fundisho la jaribio hilo ni la msingi. Mwanafunzi asipoambiwa kwamba kukwama ni sehemu ya kujifunza, atakukimbia kukwama, na njia ya mkato ya kukukimbia ni kunakili. Hapo ndipo hisia zinapogeuka kuwa chanzo cha kudesa, na ndipo mazungumzo ya hisia yanapohusiana moja kwa moja na ubora wa zoezi la nyumbani.

Historia ya Tanzania yenyewe ina mfano ulio wazi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa katika jokofu ungali moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganya mambo, na swali lake likawa mzaha. Hakuacha kuuliza. Baadaye Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuoni Dar es Salaam, alipotembelea shule aliyokuwa akisoma, Mpemba aliuliza tena, huku wenzake wakimcheka. Osborne alilichukua swali hilo na kulifanyia majaribio, na mwaka 1969 makala yao yalichapishwa katika jarida la Physics Education. Wataalamu wangali wakijadili jambo hilo hutokea katika hali zipi na kwa sababu gani. Kwa mada hii, kinachofaa kuzingatiwa ni gharama ya kicheko: kwa kila Mpemba aliyestahimili, yaelekea wapo wengi walioketi na hawakuuliza tena. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini darasa ndilo linaloamua kama msemo huo utaaminika.

Kuyaunganisha: mfano wa wiki moja

Mapendekezo yafuatayo yanaweza kutekelezwa hata katika darasa kubwa lenye wahadhiri wachache.

Kwanza, zoezi liwe fupi na ligawanywe. Badala ya maswali kumi kwa wiki, yatolewe manne: mawili jioni ya siku ya mhadhara, yajibiwe bila daftari, moja siku mbili baadaye, likiwa limebadilisha sharti moja, na moja la wiki iliyopita katika sura mpya. Maswali matatu yaliyotangulia yanafaa sana kuchanganywa, kwa kuwa humlazimisha mwanafunzi kutambua kanuni badala ya kutambua namba.

Pili, kila zoezi liambatane na nusu ukurasa wa tafakuri wenye mambo manne: matarajio ya mwanafunzi kabla ya kukokotoa na sababu yake, kanuni aliyotumia na masharti yake, mahali alipokwama na namna alivyojikwamua, na jinsi jibu litakavyobadilika iwapo jambo moja katika swali litabadilika. Mstari wa tano uachwe kwa hisia: alijisikiaje alipokwama, na alifanya nini baada ya hapo. Mstari huo usipewe alama wala kusomwa mbele ya wengine.

Tatu, alama zifuate lengo. Katika alama 10, inafaa 4 zitolewe kwa hoja iliyoonyeshwa, hata ikiwa na kosa. 4 kwa uchambuzi wa kosa au wa masharti ya kanuni. Na 2 tu kwa jibu la mwisho. Anayenakili jibu atapata 2, na kunakili tafakuri ya mwingine ni kazi ngumu kuliko kuandika yake.

Nne, semina ianze na makosa. Mhadhiri asome madaftari machache yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, akusanye makosa mawili au matatu yaliyojirudia, ayaandike ubaoni bila majina, na kuwataka wanafunzi waeleze ni fikra gani iliyozaa kila kosa. Kwa njia hiyo darasa la watu 200 hupata mrejesho bila kusahihisha madaftari 200 kila wiki, na mwenye kosa hugundua kwamba wako wengi kama yeye.

Tano, thamani ya somo ionekane mapema. Kanuni ya umbali ifundishwe pamoja na chumba cha eksirei, nusu-maisha pamoja na tiba ya nyuklia, mtiririko pamoja na kanula. Kwa mujibu wa nadharia ya Pekrun, kuonyesha thamani bila kumwongezea mwanafunzi uwezo huongeza wasiwasi tu; kwa hiyo mifano hiyo iende sambamba na maswali ambayo mwanafunzi anaweza kuyamudu hatua kwa hatua.

Mipaka na tahadhari

Sehemu kubwa ya tafiti zilizotajwa ilifanyika Marekani na katika nchi nyingine zenye madarasa, lugha na rasilimali tofauti na za Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Tanzania hujifunza fizikia kwa Kiingereza ilhali mara nyingi hufikiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Ni busara kumruhusu kuandika tafakuri yake kwa lugha anayofikiria, kwa kuwa lengo ni kuiona fikra hiyo, wala si kupima sarufi.

Tahadhari nyingine ni kwamba tafakuri ikilazimishwa kila siku na kwa maneno yaleyale hugeuka kuwa ibada: wanafunzi hujifunza kuandika sentensi zinazompendeza mhadhiri. Afadhali tafakuri moja ya kweli kwa wiki kuliko tano za kujaza nafasi. Aidha, mhadhiri si mshauri wa afya ya akili. Mwanafunzi ambaye usingizi umemkimbia kwa wiki kadhaa, ameacha kula au anazungumzia kujidhuru apelekwe mara moja kwa huduma ya ushauri nasaha au hospitalini. Zoezi la nyumbani lililopangwa vizuri hupunguza wasiwasi wa kawaida wa masomo, halitibu ugonjwa.

Hitimisho

Zoezi la nyumbani humpa mwanafunzi nafasi ya kukutana na fizikia akiwa peke yake. Tafakuri humwezesha kujua kilichotokea katika makutano hayo. Hisia huamua kama atakuwa tayari kukutana nayo tena kesho. Chuo kinachopima jibu la mwisho pekee hakiwezi kumtofautisha aliyeelewa na aliyenakili, wala aliyekata tamaa na aliyekaribia kufika. Miaka michache baadaye mtu huyohuyo atasimama kando ya kitanda cha mgonjwa anayevuja damu, au nyuma ya mashine ya mionzi, bila kitabu chenye majibu kurasa za mwisho. Wakati huo atalazimika kuamua haraka achague kanula gani, au asimame umbali gani, na atatumia kile tu alichokielewa.